Mto Ukutani kwa Meska

Asubuhi hiyo Meska alikuwa amesimama juu ya debe la samli lililopinduliwa, timazi la marehemu baba yake mkono wa kushoto, kipande cha mkaa mkono wa kulia, akitafuta ukutani mahali hasa pa kuchora gati la Sorregi, kijiji chao. Ukuta uliokuwa mbele yake ulikuwa wa zege, mweupe, mkavu, wa kimo kimoja na ukuta wa jirani wa kulia, na wa jirani wa kushoto, na wa kila jirani hadi mwisho wa safu. Alifunga uzi kwenye misumari miwili, akaupaka buluu ya kufulia, akauvuta kidogo na kuuachia. Uzi ukapiga ukuta na kuacha mstari. Akashuka, akarudi nyuma hadi katikati ya njia, akafumba jicho moja. Mstari ulikuwa umenyooka. Hapo ndipo mto ungepita.

Meska alikuwa binti wa mwashi, na kwa baba yake alirithi timazi hilo la kunyooshea kuta pamoja na chuki ya vitu vilivyopinda. Mumewe alikuwa mpishi Aleksandria, kama wanaume wengi wa Sorregi walivyokuwa wapishi na mabawabu kwenye miji ya watu. Kila alipokuja likizo alikuta vikombe vimepangwa kabatini kwa urefu, na aliogopa kuchukua kimoja akanywea chai. Binti yao, Shaya, alikuwa ameketi kivulini anachambua dengu, tumbo limemjaa mapajani. Tumbo hilo ndilo lililompandisha mama yake juu ya debe.

Sorregi yenyewe haikuwepo tena. Bwawa lilipojengwa, maji yalipanda juu ya mitende, yakapanda juu ya mapaa, yakapita juu ya makaburi. Watu walibebwa kwa mashua kisha kwa treni mpaka kwenye nyumba hizi za safu, jangwani, nyuma ya mashamba ya miwa, mahali ambapo palikuwa pamewekwa kibao kilichoandikwa Sorregi Mpya. Mto, yaani Naili, ulikuwa ng'ambo ya miwa. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, na kibali kilitolewa na Bwana Rauf, ofisa wa makazi, kwa mambo mawili tu: hospitali na maziko. Hospitali na makaburi yote yalikuwa upande wa jangwani. Bwana Rauf alikuwa mtu wa adabu. Alikataa akiwa amesimama, na mara nyingi aliagiza mwombaji aletewe chai.

Mtoto wa Sorregi hupelekwa mtoni siku ya saba. Wanawake humbeba kwa vigelegele, humnawisha uso, humega matonge ya uji mzito wa mtama na samli na kuyatupa majini kwa ajili ya watu wa mtoni, wanaokaa huko chini na majumba yao na ng'ombe wao. Watu wa mtoni wakishakula, humtambua. Hapo ndipo hupewa jina. Watoto waliozaliwa Sorregi Mpya hawakupelekwa popote, na kwa hiyo hawakuwa na sauti. Walifungua vinywa, nyuso zikaiva, machozi yakashuka, miguu ikarushwa huku na huku, na hakuna kilichosikika. Mama zao waliwafunga njuga miguuni ili wajue wameamka. Alasiri, watu wanapojilaza, safu nzima ilisikika kama kundi la mbuzi malishoni.

Daktari alikuja mara moja kwa gari la serikali, akawaangalia makoo, akakuta makoo ni mazima. Bwana Rauf aliandika kwenda mjini kwamba watoto wa makazi mapya ni watulivu kupita kiasi, jambo linaloonyesha jinsi wazazi walivyoridhika. Watatu walikuwa wamekwisha kufa. Maji ya bomba la mkono yalinuka chuma na yalikata matumbo, na mtoto anayeumwa tumbo akaishiwa nguvu ya kutikisa mguu hawezi kumwita mtu. Kibali cha kuwazika kilitoka siku hiyohiyo. Waliwekwa mchangani bila majina.

Meska aliliwaza jambo hili kwa utaratibu, kama alivyowaza kila jambo. Ikiwa mtoto hawezi kwenda mtoni, basi mto uletwe kwa mtoto. Angeichora Sorregi yote kwenye ukuta wa mbele: gati, mitende ya ukoo wa mumewe, mitende ya ukoo wake mwenyewe, gurudumu la kuvutia maji na ng'ombe wake, jiwe ambalo wanawake walifulia juu yake. Kila kitu kingekaa mahali pake na kwa kipimo chake, ili watu wa mtoni wakiitwa wasipotee njia. Kosa lilikuwa hapohapo, lakini hakuna aliyeliona, maana picha ilikuwa nzuri.

Jirani yake Dahiba alipita na ndoo kichwani, akasimama.

"Shoga, hiyo ni picha au ramani ya jeshi?"

"Ni mto."

"Mto gani umesimama wima hivyo? Unasubiri kupigiwa saluti?"

"Wewe kateke maji, Dahiba."

"Naenda, naenda. Ila huo mto wako nikiingia na viatu utanifukuza."

Jumatano alasiri alikuja Nabra, kama kawaida yake. Nabra alikuwa mama mkwe wa Meska. Alifariki mwezi mmoja kabla ya mashua kuja, akazikwa Sorregi, na tangu maji yafike makaburini alikuwa akija kwa treni ya Jumatano, daraja la tatu, bila tiketi, akilowesha kiti. Kondakta alimgombeza mara moja tu. Nabra alimjibu kwamba aliyeleta maji ndiye atakayelipa. Alikaa barazani, shela likimchuruzika, akaomba kitambaa kikavu. Meska alimpa. Kililowa kabla hajamaliza kujifuta shingo, Meska akakikamua na kumrudishia, wakaendelea hivyo.

"Unafanya nini hapo juu, mkwe wangu?"

"Nachora mto, mama."

Nabra aliutazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akacheka mpaka maji yakamtoka puani.

"Masikini mto. Umefungwa kwa kosa gani?"

Nabra enzi zake ndiye aliyekuwa akichora kuta za Sorregi, na hakuna harusi iliyopita bila yeye. Alichora ameupa ukuta bega, akiongea na waliokaa uani: nani kaposwa, nani kaachwa, mke wa nani kapika samaki akasahau chumvi. Mkono uliingia kwenye bakuli la udongo mwekundu, ukatoka, ukaenda ukutani wenyewe. Ulitoa mamba wenye miguu ya ndege, nyota zenye meno ya kitana, mikono yenye vidole vingi kuliko ilivyo desturi. Ukimuuliza hiki ni nini, alisema atajuaje, uulizwe mkono. Maharusi walilala chini ya michoro hiyo na nge hakuwahi kuingia.

"Basi nifundishe, mama," Meska alisema. Alikuwa ameshuka kwenye debe.

"Nikufundishe nini? Mimi nilikuwa napiga soga."

"Mkono ulijuaje pa kwenda?"

"Sikuuliza. Wewe mkono wako ukitaka kusogea hatua, lazima kwanza uende kichwani ukaombe kibali. Kichwa chako kimekuwa Bwana Rauf, mwanangu. Tena hata chai hakitoi."

Meska alikasirika. Alikuwa amekesha akihesabu mitende kwa kumbukumbu, na sasa marehemu aliyekaa barazani kwake anamcheka.

"Nikiacha kufikiri nitakosea," alisema. "Na nikikosea, mjukuu wangu anakufa. Wewe unaweza kucheza. Wewe umeshakufa."

"Ni kweli," Nabra alisema bila kinyongo. Alikamua pindo la shela. "Ila gurudumu umeliweka kulia kwa gati. Lilikuwa kushoto."

Meska alilifuta na kulihamishia kushoto. Treni ilipokwisha kuondoka akakumbuka kwamba lilikuwa kulia, tangu siku zote, na kwamba mkwewe alikuwa anamtania. Akalirudisha.

Shaya alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alifungua kinywa, akakunja uso, akaulalamikia ulimwengu kwa nguvu zake zote, na chumbani palisikika sauti ya bibi yake tu akitafuta njuga. Siku ya saba wanawake wa safu walikuja na bakuli la uji na vigelegele. Picha ilikuwa imekamilika. Hata kivuli cha mitende kilikuwa kimelalia upande wake sahihi kwa saa ile ya asubuhi. Meska alimpeleka mtoto mpaka kwenye gati, akamega matonge na kuyaweka chini ya mstari wa buluu. Wakangoja. Jua likapanda. Sisimizi wakatoka ufani, wakaubeba uji kwa foleni iliyonyooka vizuri.

Dahiba alikohoa. Wanawake walisema picha ni nzuri sana, kwa kweli ni nzuri, wakaaga mmoja mmoja kwa sauti ya chini. Meska angependa zaidi kama wangemcheka. Alibaki amesimama na mtoto, akiupima ukuta kwa macho kutafuta alipokosea, na hakuona mahali.

Kesho yake mtoto alipata homa. Njuga zilikuwa zikilia kidogo, halafu zikilia kidogo zaidi. Meska alikwenda ofisini. Bwana Rauf alisimama, akaagiza chai.

"Naomba kibali cha mtoni, bwana."

"Mto si hospitali, mama."

"Hospitali tumekwenda. Wametupa unga mweupe."

"Basi mmetibiwa." Alimtazama kwa huruma ya kweli, kwani hakuwa mtu mbaya nyumbani kwake. "Mungu aepushe mbali, lakini ikifika hatua nyingine, kile kibali kingine hakina usumbufu wowote."

Meska aliiacha chai mezani.

Wiki hiyohiyo ikatangazwa kwamba mgeni rasmi anakuja kutoka mji mkuu kuona maendeleo. Nyumba zote zilitakiwa ziwe sawa. Wanawake wengine nao walikuwa wameanza kuchora vitu vidogo karibu na milango, samaki, mwezi, mkono, na Bwana Rauf alieleza safu kwa safu kwamba michoro inampa mgeni picha ya watu wasiotulia. Alifika kwa Meska na vibarua wawili na ndoo za chokaa. Meska alikuwa ndani, akimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji. Alipotoka naye, gati lilikuwa limekwisha kupotea, na mitende ya ukoo wa mumewe, na ng'ombe, na jiwe la kufulia. Brashi ilikuwa inaelekea kwenye gurudumu.

Hakupiga kelele mara moja. Alimweka mtoto begani, akapita katikati ya vibarua, akaupa ukuta mgongo na kusimama hapo, mbele ya chokaa mbichi. Kando yake, juu ya baraza, yalikuwa mabakuli yake ya buluu na udongo mwekundu. Alitafuta pa kujishikiza, mkono wake wa kulia ukatumbukia kwenye bakuli hadi kwenye kifundo.

"Mama, tafadhali tupishe. Ni chokaa tu."

"Bwana Rauf, nyumba mliyonizamishia ilikuwa na ua wa kuchezea harusi. Mmenipa sanduku. Nikasema sawa."

"Mama, tusifanye siasa."

"Siasa? Mimi nazungumza habari ya uji! Uji wa mtama na samli, umeliwa na sisimizi! Mama mkwe wangu yuko chini ya maji, kila Jumatano namkamua kama nguo!"

"Hilo halipo chini ya idara yangu."

"Liko chini ya nini? Wale watoto watatu je, wako chini ya idara ya nani? Uliwaita watulivu! Uliandika kabisa, watulivu!"

Miaka yote alikuwa akipanga maneno kabla ya kuyasema, na sasa maneno yalitoka kabla hajayaona, mengine machafu, mengine ya Kinubi, lugha ya bibi yake, ambayo hata yeye hakujua kwamba bado anaijua. Na kwa sababu kichwa kilikuwa kazini kwenye ugomvi, hakuna aliyebaki kuuangalia mkono. Mkono ulikuwa nyuma yake. Ulipangusa udongo ukutani. Ukarudi kwenye bakuli. Ukaenda tena.

Wanawake walikuwa wamekusanyika njiani kwa kelele zile, na waliona yote. Mmoja alinyoosha kidole, akataka kusema. Dahiba akamfinya.

"Nyamaza," alimnong'oneza. "Ukimwambia tu, ataomba timazi."

Meska aliendelea kufoka. Aliikumbusha serikali mitende, akaikumbusha makaburi, akamkumbusha Bwana Rauf mama yake mwenyewe, ambaye Meska hakuwahi kumwona. Mkono ulizunguka kwa upana, ukashuka, ukapiga nukta nyingi za harakaharaka, ukavuta kitu kirefu chenye meno. Mtoto alikuwa amelala begani, njuga kimya. Kisha Meska akahisi ubaridi mgongoni. Alidhani ni hasira.

Maji yalipita kati ya visigino vyake, yakashuka baraza, yakafika kwenye viatu vya Bwana Rauf. Yalikuwa ya rangi ya udongo, yananuka samaki na tende zilizoloa. Bwana Rauf aliinua mguu mmoja, akauweka, akainua mwingine.

"Bomba limepasuka," alisema.

"Safu hii haina bomba, bwana," Dahiba alisema.

"Basi litakuwa bomba lisiloandikwa."

Hapo ndipo Meska alipogeuka. Kwenye chokaa mbichi palikuwa na mamba, ikiwa alikuwa mamba, mwenye miguu ya mbuzi na tumbo lililojaa nukta, na juu yake kitana, au ua wa nyumba, na pembeni mkono ambao vidole vyake havikutaka kwisha. Hakuna mstari hata mmoja ulionyooka. Ndani ya tumbo la mamba ukuta ulikuwa umekwisha kuwa maji. Yalisimama wima, yakipita taratibu kutoka kusini kwenda kaskazini kama yapitavyo siku zote, na jani la mtende likapita nayo.

Meska aliuona mguu mmoja wa mamba ni mfupi kuliko wenzake. Aliuona waziwazi, ukamuuma. Mkono wake uliochafuka ulinyanyuka kwenda kuurekebisha, akauzuia njiani, akaushusha. Lilikuwa jambo gumu kupita yote aliyoyafanya mwaka ule. Kisha akamtoa mtoto begani, akainama naye mpaka kwenye tumbo la mamba, akachota na kumnawisha uso. Shaya alikuja mbio na uji wa jana, baridi, umeganda kwenye sufuria. Wakaumega na kuutupa ukutani. Matonge yaliingia majini na kuzama. Tonge la mwisho halikuzama, lilichukuliwa.

Mtoto alivuta pumzi. Alilia kilio cha siku zote alizokuwa akinyamaza, kwa mkupuo mmoja, kikali, chenye hasira, mpaka vibarua wakatua ndoo chini na punda wa jirani akajibu. Shaya alikaa chini palepale kwenye tope, akamshika mtoto miguu yote miwili akilia naye. Meska alikuwa anacheka na anaogopa na kamasi zinamtoka, na hakujali nani anamtazama.

"Anaitwa Nabra," alisema, na hakuwa amelipanga jina hilo.

Mama wengine hawakuhitaji kuambiwa. Walikuja na watoto wao mikononi, na njuga zao, wakapanga foleni isiyo na mpango, wakasukumana, wakakanyagana. Adhuhuri safu nzima ilikuwa inalia. Bwana Rauf aliweka viganja masikioni.

"Wanyamazisheni! Mgeni anakuja!"

"Hawa, bwana?" Dahiba alisema. "Hawa ndiyo kwanza wameanza."

Chokaa ilipakwa tena siku ile, na tena siku iliyofuata. Ilishuka na maji. Mgeni rasmi alipofika alikuta nyumba zote nyeupe isipokuwa moja. Bwana Rauf alianza kueleza habari ya unyevu. Mgeni hakumsikiliza. Alitia kidole kwenye tumbo la mamba, akaonja, akasema maji ni matamu. Akasimama mbele ya ukuta, akapigwa picha, akahutubia. Alisema watu hawa waliahidiwa maji, na leo wenyewe ni mashahidi kwamba maji yamewafikia mpaka mlangoni. Watoto walilia hotuba nzima, naye alieleza kwamba ni furaha. Alipokuwa anapanda gari aliuliza ni nani bado anasumbua ofisi kwa vibali vya kwenda mtoni, ikiwa mto umekuja nyumbani. Kabla ya wiki kwisha, vibarua walewale wakaja na mabunda ya waya wa miiba, wakauzungusha kandokando ya miwa yote.

Mto wa ukutani ulitosha kunawisha mtoto na kumpatia jina. Haukutosha kunywesha shamba, na mashamba yaliyoahidiwa hayajagawiwa. Maji ya bomba yaliendelea kunuka chuma. Wale watatu waliobaki mchangani walipelekewa maji ya ukutani na mama zao, kwa kibali, wakapewa majina yao, na hawakusema kitu. Nabra mkubwa aliacha kupanda treni. Sasa alitokea ukutani Jumatano akiwa amelowa vilevile, akaomba kitambaa, na Meska akakikamua na kumrudishia, kwa sababu Sorregi ilikuwa bado chini ya maji na makaburi yake pia.

"Huo mguu wa mamba ni mfupi," Nabra alisema siku moja.

"Najua."

"Hutaurekebisha?"

"Sithubutu, mama. Usinitanie."

Asubuhi moja baada ya waya kukamilika, Meska, Dahiba na wanawake wa safu yao walichukua watoto wao na mabakuli yao, wakaenda ofisi ya makazi. Hawakuingia ndani. Walikaa kwenye baraza la mbele, mstari mzima, wakaupa ukuta wa ofisi migongo, wakaanza kuongea. Mke wa nani alikuwa amepata barua. Samaki wa mjini hana ladha. Dahiba alikuwa na habari ndefu ya posa moja iliyovunjika kwa sababu ya meno ya dhahabu. Watoto walikuwa wanalia kwa zamu na kwa pamoja.

Bwana Rauf alitoka. Alikuwa amezoea kusimama kwa adabu mbele ya mtu mmojammoja, na hakujua asimame mbele ya yupi.

"Karibuni, mama zangu. Mmeleta ombi gani?"

"Hatukuleta ombi," Meska alisema.

"Basi mnangoja nini?"

"Hatungoji kitu, bwana. Tunapiga soga."

Alitaka kurudi ndani. Ndipo alipoiona mikono, yote iliyokuwa nyuma ya migongo yao, ikiingia na kutoka kwenye mabakuli bila haraka. Juu ya rangi safi ya serikali kulikuwa na vitu ambavyo hangeweza kuviandikia jina.

"Mnachora nini hapo?"

"Sijui," Meska alisema, na hakugeuka kutazama.

Waya ungalipo hadi leo, na kibali cha kwenda mtoni hakijawahi kutolewa hata kimoja. Ofisi ya makazi imehamishwa jengo mara tatu, kwa sababu ya unyevu.